MSIKITI HUU UMEJENGWA KWA MALI YA NANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Maswahaba wake. Ama baad.



Ijumaa iliyopita mzee mmoja alinishika mkono mlangoni baada ya sala akaniuliza: "Maalimu, ule ukuta mpya umesimama kwenye madirisha tangu Ramadhani. Simenti imekwisha, ama watu wamekwisha?" Nilimjibu kwa mzaha, na nikaona ameondoka bila kuridhika. Basi leo namjibu kwa karatasi hii, yeye pamoja na nyinyi nyote, kwa sababu jambo lenyewe ni la msikiti, na msikiti si wangu.

Vijana wengi hawajui msikiti wetu ulianzaje. Wazee hawakuanza na tofali. Walichomeka miti ya msituni ardhini, wakafunga fito, wakapiga udongo, wakaezeka nyasi. Muadhini alikuwa akipanda juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya mihrabu, maana mnara hatukuwa nao, na mpaka leo hatuna. Mchwa walipozila nguzo, yakafyatuliwa matofali ya udongo mbichi. Kila nyumba ya Muislamu ilileta idadi yake, na wanawake walibeba maji kutoka mtoni. Mabati yalikuja mwisho.

Mgeni akiingia humo ndani hushangaa, na wengine hucheka, kuona mistari ya safu haifuatani na kuta. Wazee walielekeza jengo mashariki, wakidhani Makka iko jua linakochomoza. Kumbe kwa mtu aliye huku kwetu Maniema, Makka iko kaskazini, ukiegemea kidogo mashariki. Alipokuja mwalimu mwenye dira akatuonyesha, hatukubomoa kitu. Tulichora mistari mipya sakafuni, na tangu siku hiyo tunasali mshazari ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mihrabu ya zamani tunawekea misahafu. Sala za wale wazee zimesihi inshallah, kwa sababu walifanya juhudi yao kwa elimu waliyokuwa nayo.

Msidhani natetea udongo kwa kukosa kingine. Msikiti wa Mtume wetu (S.A.W.) kule Madina ulikuwa wa matofali mabichi, nguzo zake magogo ya mitende, paa lake makuti. Usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, paa likavuja, na Maswahaba wakaona alama ya maji na tope katika paji la uso wake mtukufu. Na ile ardhi ilikuwa uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Imepokewa kwamba walitaka kuitoa bure, naye akakataa mpaka ikanunuliwa.

Ndugu yangu, simama hapo kidogo. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, anajenga msikiti, mji unampenda, na wenye ardhi wenyewe wanamwambia chukua. Na bado anauliza bei. Kwa nini? Mimi nafahamu hivi: yatima hana nguvu ya kumwambia mtu mkubwa "hapana", na mtu asiyeweza kusema "hapana", ile "ndiyo" yake haitoshi kuitegemea.

Sasa nirudi kwenye ukuta.

Kabla ya Ramadhani alikuja kwangu usiku ndugu mmoja wa hapa hapa Salamabila. Simtaji, na nawaomba msimtafute. Ana mashimo ya dhahabu, ni PDG kama mnavyowaita wenye mashimo. Aliniambia: "Maalimu, naona aibu kusali chini ya paa linalovuja na hali mimi nina uwezo. Nitajenga msikiti wote. Matofali ya kuchoma, simenti, mabati mapya, mnara, spika." Hakutaka jina lake liandikwe popote. Alilia, na sina sababu ya kusema kwamba machozi yale yalikuwa ya uongo. Siku ya tatu zikaja pikipiki, wakashusha mifuko ishirini ya simenti uani kwangu. Mnajua wenyewe mfuko mmoja unafika hapa kwa bei gani na kwa barabara gani.

Nilifurahi. Nakiri mbele yenu kwamba sikumuuliza neno. Niliomba dua ndefu, na wengi wenu mliitikia amina. Tukachimba msingi, tukapandisha ukuta.

Ulipofika kwenye madirisha alikuja mama mmoja katika wale wanaosali nyuma ya pazia. Anaishi kwa kutwanga mawe ya wachimbaji. Mume wake alifukiwa shimoni yeye na wenzake wawili, na shimo lile ni la ndugu yetu yule mfadhili. Mawe waliyokuwa wamekwisha kuyatoa kabla ya shimo kuanguka yalitwangwa, dhahabu ikauzwa, na mafungu ya wale watatu hayakufika kwa watoto wao. Mama yule hakuja kushitaki. Alikuja kuuliza, tena kwa sauti ya chini: "Maalimu, nikisali katika msikiti ule mpya, nitakuwa nimesimama juu ya haki ya wanangu, ama sivyo?"

Nimekaa chuoni tangu utotoni na nimefundisha Qurani miaka thelathini. Sikuwa na jibu. Nikamwambia arudi Jumatatu.

Usiku ule nilikumbuka habari ya Al-Kaaba, ambayo tumewasomesha watoto mara nyingi kama hadithi tu. Mtume (S.A.W.) alipokuwa na umri wa miaka 35, kabla hajapewa utume, Makureshi waliijenga upya Al-Kaaba. Walikuwa washirikina, wenye masanamu, wala riba, wenye kuzika watoto wa kike. Lakini walipotaka kuijenga nyumba ile, mmoja wa wakubwa wao aliwaonya wasiingize ndani yake isipokuwa chumo safi. Isiwe pesa ya uzinifu, isiwe ya riba, isiwe ya mtu aliyedhulumiwa. Wakakubaliana. Wakachanga. Na pesa safi haikutosha!

Fikiri, ndugu yangu. Mji wa biashara, misafara inakwenda Shamu na Yemeni, matajiri wamejaa, na walipoitenga pesa safi na ile nyingine, haikutosha kumaliza nyumba moja. Wangeweza kujaza pengo, hakuna aliyekuwa juu yao wa kuwauliza. Hawakujaza. Waliipunguza nyumba. Sehemu ya upande wa kaskazini waliiacha nje, wakaizungushia ukuta mfupi kuonyesha kwamba hapo nako ni Al-Kaaba. Ndiyo Hijri Ismaili. Bibi Aisha (R.A.) alimuuliza Mtume kwa nini sehemu ile haikuingizwa, naye akamweleza kwamba jamaa zake waliishiwa na matumizi, na kwamba angeiingiza yeye lau si kuwa watu wametoka ujahilia karibuni. Baadaye Abdallah bin Zubayr aliiingiza, naye Hajjaj alipomshinda akairudisha ilivyokuwa. Basi kila anayekwenda Hija leo anazunguka nje ya ukuta ule mfupi, na akizunguka ndani yake tawafu yake haitimii. Karne kumi na nne Waislamu wa dunia nzima wanazunguka mahali ambapo pesa ya halali iliishia.

Asubuhi niliwaita wenzangu wa kamati nikawasomea haya. Ndugu mmoja, mtu aliyesoma vitabu na kutembea, alinijibu kwa hoja nzito. Alisema: "Maalimu, ukifungua mlango huo utabomoa misikiti yote ya Maniema. Dini ilitufikiaje sisi? Ilikuja na nani?"

Alisema kweli, na ni vizuri tuseme kweli ndani ya msikiti kabla hatujaambiwa na wengine nje. Misafara ya watu wa Unguja ilivuka Tanganyika kutoka Ujiji, ikapita Kabambare hapa kwetu, ikafika Kasongo na Nyangwe. Walitafuta pembe za ndovu, na pembe zilibebwa kwa vichwa vya watu, na wengi katika watu hao walikuwa wametekwa. Tarehe 15 Julai 1871, pale Nyangwe, watu wa wafanyabiashara wale walipiga bunduki ndani ya soko. Sokoni walikuwa wanawake wengi, wamekuja kuuza samaki na mihogo. Waliokufa kwa risasi na waliozama katika Lualaba walikuwa mamia. Mzungu Livingstone alikuwapo, akaona kwa macho yake, akaandika. Na waliopiga walikuwa na majina kama yetu. Miaka michache baadaye, kama 1875, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Mji ulikuwa na mashamba ya mpunga na michungwa, na watu walisali humo. Nani alipiga udongo wa kuta walizosalia? Nani alibeba maji?

Jeshi la Leopold liliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Msidhani hao walileta haki; habari za mpira na za mikono iliyokatwa mnazijua. Lakini tazameni kilichotokea kwa dini. Tippu Tip alikwisha kurudi Unguja, akafa huko mwaka 1905. Waliobaki huku hawakuwa mabwana wa misafara. Walikuwa wenyeji wa nchi hii, na watu wa mbali waliokatwa na makwao, wasio na pa kurudi. Hao ndio tunaowaita Waungwana, ndio mababu zetu. Walikaa na msahafu, wakafundisha watoto kwa ubao na wino wa masizi, na serikali ya Wabelgiji ikiwatazama kwa jicho baya. Aliyebebeshwa pembe ndiye aliyeibeba Qurani bila kubebeshwa.

Basi nikamjibu ndugu yetu hivi. Zamani ile siisafishi. Dhuluma ya Nyangwe ni dhuluma, na kwamba mimi leo nasema "La ilaha illa Llah" hakuifanyi kuwa fadhila. Lakini pana tofauti kubwa kati ya nyumba ambayo waliodhulumiwa waliishika wenyewe ikawa yao, na nyumba inayojengwa juu ya vichwa vyao nao wako hai wanatazama. Imam Ghazali katika Ihya ameeleza jambo hili la mali ya haramu. Mwenye haki akijulikana, arudishiwe yeye, au warithi wake. Asipojulikana, na hakuna matumaini ya kumpata, mali hiyo itolewe kwa mafukara au itumike katika manufaa ya Waislamu wote, kama madaraja na misikiti. Wenye haki ya mwaka 1871 nitawatafuta wapi? Labda ndio mimi na wewe. Lakini mwenye haki wa shimo lile namjua. Anasali nyuma ya pazia, safu ya pili. Siwezi kumfanya asiyejulikana ili nipate mnara.

Mwingine akasema: "Maalimu, dhahabu ni riziki aliyoiweka Mwenyezi Mungu ardhini, hata misikiti mikubwa ya pwani ilijengwa kwa dhahabu." Na hilo ni kweli. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kule pwani ya Tanzania, ulipanuliwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mji ulipokuwa unatajirika kwa dhahabu iliyopita Sofala. Wajenzi walikata matumbawe baharini yangali laini, wakasimamisha nguzo, wakafunika kwa kuba na matao. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu sana ukarimu wa sultani yule. Ameandika pia kwamba alikuwa akipiga vita nchi za bara na kuteka nyara, kisha akitoa humusi, sehemu ya tano, kama sheria inavyotaka. Hesabu ilikuwa sawasawa. Waliotekwa ndio hawakuulizwa. Leo msikiti ule ni magofu, tangu 1981 umo katika urithi wa dunia, na watalii hulipa kiingilio kuutazama. Sisemi ulianguka kwa sababu ya dhuluma. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, na misikiti ya watu wema nayo imeanguka. Nasema tu kwamba dhahabu haikuuliza maswali, na ilikuwa kazi ya watu wa Kilwa kuuliza.

Lakini nisikilizeni vizuri, kwa maana najua wapo watakaoondoka hapa na kuanza kupekua mifuko ya wenzao. Sikusema hivyo. Mtume wetu (S.A.W.) aliweka rehani deraya yake kwa Myahudi akapata shayiri, na hakuanza kwa kumpekua. Mali za watu wengi zimechanganyika, safi na isiyo safi, na wengi katika wanazuoni wameruhusu kupokea zawadi ya mwenye mali kama hiyo. Mchimbaji akileta franka zake mia tano kwenye sanduku, sitamuuliza shimo gani. Muuza sukari akileta, sitamuuliza mzani wake. Ni juu yao na Mola wao. Jambo linabadilika pale mwenye haki anapokuja na kusema: ile ni yangu. Kuanzia hapo huwezi tena kusema hukujua. Na sala katika mahali palipoporwa, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, inasihi na dhambi ipo. Kwa kauli mashuhuri ya Imam Ahmad haisihi kabisa. Nani kati yetu anataka kusimama katikati ya kauli hizo mbili mara tano kwa siku, kwa hiari yake?

Jumatatu yule mama alirudi. Nilimwambia: "Mama, anayekudai jibu si wewe, ni sisi." Kisha nikaenda na wazee wawili kwa ndugu yetu. Alitupokea vizuri, akatuandalia chai. Tulipomweleza, akasema mashimo huanguka, ni kadari ya Mungu. Nikamwambia kuanguka kwa shimo ni kadari, ila kuuza mawe ya marehemu na kushika fungu lake si kadari, ni mkono wako. Akakasirika. Alisema wako watu wa misikiti mingine watakaoshukuru. Huenda wako. Nikamwomba aje achukue mifuko yake iliyobaki. Mpaka leo hajaja.

Mvua zikaanza. Katika mifuko ishirini tulikuwa tumetumia kumi na mmoja. Ile tisa imeganda uani kwangu, imekuwa mawe, na mke wangu kila asubuhi ananiuliza lini nitayaondoa. Nimefikiria sana kama nilikosea. Wapo watoto wanaolowa darasani chini ya paa lile lile bovu, na simenti imekufa bure. Sina furaha na jambo hili. Mzee aliyeniuliza mlangoni alikuwa na haki ya kuuliza.

Tuliwauliza wale wajane watatu tuufanye nini ukuta uliokwisha kusimama. Wawili walisema tubomoe. Yule wa kwanza alisema: "Msibomoe, mtapoteza na kazi ya vijana. Lipeni." Baada ya maneno mengi wote watatu wakakubali. Basi kamati imeamua hivi: bei ya mifuko kumi na mmoja tunaichanga sisi wenyewe na kuwapa wajane, kwa sababu sisi ndio tulioitumia, na mimi ndiye niliyepokea bila kuuliza. Deni la ndugu yetu haligusiki kwa malipo haya, liko palepale shingoni mwake, na mlango wake uko wazi. Mwezi uliopita alimlipa mjane mmoja fungu lake, usiku, bila kuniambia. Nimepata habari kwa mjane mwenyewe. Wawili bado. Msimseme vibaya sokoni. Anakuja kusali nasi, safu ya tatu, na salamu yake nairudisha.

Mpaka leo tumelipa mifuko minne. Imebaki saba. Ikitimia kumi na mmoja tutaendelea na ukuta, kwa matofali mabichi, mpaka pesa yetu itakapofika. Kama haitafika kwenye mnara hatutajenga mnara. Kama haitafunika upande wote wa kusini, upande huo utabaki kiwanja wazi chenye ukuta mfupi, na wakati wa kiangazi tutasali hapo.

Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, tunafyatua matofali kando ya mto. Mwenye jembe aje nalo, mwenye kalibu aje nayo. Watoto wa madrasa wa darasa la juu watabeba nyasi za kufunikia. Maji wameahidi kina mama.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.